Mishipa Isiyoonekana: Historia ya Kukanda na Kudunga Sindano

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima ya Musoma, Bunda na Butiama

Ninyi mliokwisha kukaa darasani, kila mmoja awe na nakala ya somo hili mbele yake, na anayesoma vizuri akae karibu na yule anayeanza. Leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za mgongo unaouma.

Mvuvi wa Musoma amevuta nyavu za dagaa usiku kucha, na asubuhi hawezi kuinama kufunga kamba ya mtumbwi wake. Mama wa Bunda amechuma pamba tangu alfajiri. Jioni maumivu yanaanzia kiunoni, yanashuka nyuma ya paja, yanapita kwenye shavu la mguu, yanafika kisiginoni. Wote wawili watasema neno moja: "Mshipa umenivuta." Na wengi hawaanzi kwa daktari. Wanakwenda kwa mkandaji, na mara nyingi ni mama mzee mwenye mafuta au samli kidogo katika kikombe. Mzee huyu haulizi maswali mengi. Anapitisha kidole gumba taratibu kutoka kiunoni kwenda chini, kisha anasimama mahali pamoja na kubonyeza. Mgonjwa anapiga kelele. "Hapo ndipo ulipo," anasema mkandaji, na anaanza kazi.

Je, kidole gumba kile kinafuata nini? Hilo ndilo swali letu la leo, nalo ni swali la zamani sana duniani.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili, mshipa ni njia ya damu. Tena mshipa ni njia ya fahamu, ile inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Tena watu huita mshipa hata kano na misuli iliyokaza, na wengine huita ngiri mshipa. Vitu vinne vimepewa jina moja! Msidhani kwamba hili ni kosa la watu wasiosoma. Wachina wa kale walikuwa na neno mai, nalo lilikuwa na maana ya njia za damu, na mapigo yake yanayosikika kwenye kifundo cha mkono, na njia za nguvu zisizoonekana, yote pamoja. Watu wa Thailand husema sen, yaani mstari au uzi, na neno hilo nalo hubeba mengi. Mahali popote ambapo maiti hazikupasuliwa ili kutazamwa ndani, watu walijua mwili kwa kuugusa kutoka nje, na kwa kuwauliza wagonjwa maumivu yanapita wapi. Kwa njia hiyo walichora ramani.

Ramani mashuhuri kuliko nyingi iko Bangkok, mji mkuu wa Thailand, nchi ambayo hadi mwaka 1939 iliitwa Siam. Waganga wa huko hufundisha kwamba mwilini mna njia 72,000, na kwamba 10 kati yake ndizo kubwa. Njia hizo 10 huanzia karibu na kitovu, kisha husambaa kwenda miguuni, mikononi, machoni, masikioni na kwingineko. Ndani yake, wanasema, hupita upepo. Upepo ukienda vizuri mtu ana afya. Upepo ukizibwa mtu anaumwa. Kazi ya mkandaji ni kufuata njia hizo kwa gumba, kiganja, kiwiko, hata kwa goti na unyayo, na kumnyoosha mgonjwa viungo mpaka upepo upite tena. Mgonjwa hulala sakafuni kwenye godoro jembamba, naye hubaki na nguo zake.

Majina ya njia mbili za kwanza ni Itha na Pingkhala. Mtu wa India akiyasikia atacheka kwa furaha, maana kwao yako, nao huyaita Ida na Pingala. Kwa hiyo tunajua maarifa haya yalisafiri. Yalikwenda pamoja na dini ya Buddha na wafanya biashara, na hata leo wakandaji wa Thailand humtaja kwa heshima kabla ya kazi tabibu wa India aitwaye Jivaka, aliyesemwa kuwa aliishi zama za Buddha mwenyewe. Sisi watu wa pwani na maziwa hatuna sababu ya kushangaa. Maneno dawa na tabibu nayo yalitufikia kwa majahazi kutoka Arabuni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo linatuhusu sana sisi wa madarasa ya kisomo. Mwaka 1832 mfalme wa Siam, Rama wa Tatu, alianza kutengeneza upya hekalu kubwa liitwalo Wat Pho. Aliwaita wenye elimu waandike maarifa yao, nayo yakachongwa juu ya vibao vya mawe na kubandikwa kwenye kuta: mashairi, habari za dawa, na picha za mwili wa binadamu zenye mistari na vitone kuonyesha mahali pa kubonyeza. Hapo mwanzo maarifa hayo yalikuwa katika vichwa vya walimu wachache na katika vitabu vilivyofichwa ndani ya masanduku ya jamaa zao. Sasa yalikuwa ukutani, na kila ajuaye kusoma aliweza kusimama mbele yake. Vibao vile vipo mpaka leo. Mwaka 1955 ilifunguliwa shule ya tiba papo hapo hekaluni, na mwaka 2019 shirika la UNESCO liliandika ukandaji wa Thailand katika orodha ya urithi wa binadamu wote.

Nadhani mnaona ninakoelekea. Mama mzee wa Bunda hana ukuta. Akifa, gumba lake limekwenda nalo.

Tugeuke sasa kuitazama China, maana ndiko zilikotoka njia za nguvu zilizofika Musoma kwa miguu yake, kama tunavyosema. Mwaka 1973, mahali paitwapo Mawangdui karibu na mji wa Changsha, wachimbaji walifungua kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani yake mlikuwa na maandishi juu ya kitambaa cha hariri. Baadhi yalieleza mai za mwili, moja moja, inaanzia wapi na inapita wapi, na magonjwa yake ni yapi. Walihesabu mai 11. Nayo tiba iliyotajwa haikuwa sindano, bali kuchoma juu ya ngozi majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga. Vitabu vya baadaye vikawa na njia 12, tena na vitone vingi vya kudunga, na sindano zikashika mahali pa kwanza.

Tafakarini jambo hilo kidogo. Mto Mara hauwi mito miwili kwa sababu mtu ameuchora mara mbili. Ikiwa njia zilikuwa 11, kisha zikawa 12, na kwa Mthai ni 10, basi tunachosoma ni kazi ya wachora ramani. Ramani yaweza kumfikisha mtu safari yake hata kama mchoraji alikosea jina la mlima. Lakini ramani siyo ardhi.

Na msidhani kwamba Wachina wenyewe walikubaliana siku zote. Mwaka 1822 mfalme wao alipiga marufuku kufundisha sindano katika chuo cha matabibu wa ikulu. Mwaka 1929 serikali iliyokuwapo ilitaka kufuta kabisa tiba ya kienyeji, ikisema inazuia maendeleo. Waganga wakakutana Shanghai tarehe 17 Machi kupinga, na azimio lile halikutimizwa. Baada ya mwaka 1949 serikali ya Mao Zedong iliona jambo moja wazi: madaktari wa hospitali ni wachache, watu ni mamia ya mamilioni, na waganga wa kienyeji wako kila kijiji. Basi wakaamua kuwafundisha wote wawili pamoja. Vyuo vya tiba ya Kichina vikafunguliwa kuanzia mwaka 1956.

Hapo historia yetu inaingia. Mwezi Februari 1965 Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alisafiri kwenda China kwa mara ya kwanza, na mapatano ya urafiki yakatiwa sahihi. Mwezi Juni mwaka huo huo Waziri Mkuu Zhou Enlai alikuja Tanzania. Watu wengi wakisikia urafiki huo hukumbuka reli ya TAZARA tu. Lakini madaktari walitangulia reli. Kundi la kwanza la madaktari wa Kichina lilifika Zanzibar mwaka 1964, na Bara mwaka 1968. Zanzibar walikuja watu wa jimbo la Jiangsu, na Bara watu wa jimbo la Shandong. Kila kundi likimaliza muda wake, jingine hushika nafasi. Vituo vyao vya Bara katika miaka iliyofuata vilikuwa pamoja na Muhimbili, Dodoma, Tabora, na hospitali ya mkoa wetu hapa Musoma.

Wengi wao walikuwa wapasuaji, madaktari wa akina mama, wa macho, na kadhalika, sawasawa na madaktari wengine. Lakini kati yao walikuwamo pia wadungaji wa sindano. Wazee wa Musoma watawaeleza zaidi, waulizeni. Sindano ile haina dawa ndani yake. Ni nyembamba, ngumu, haina tundu. Hudungwa mahali pengi kwa pamoja, labda juu ya mkono ilhali mgonjwa analalamikia bega, au chini ya goti ilhali anaumwa tumbo. Kwa mgonjwa aliyezoea sindano ya kwinini au penisilini, jambo hili lilikuwa la ajabu. Lakini kwa mtu aliyewahi kuumikwa kwa pembe ya ng'ombe, au kuchanjwa chale mahali panapouma, halikuwa geni sana. Maana na sisi tuna desturi ya kutafuta maradhi kwa kupita juu ya ngozi.

Nchi za Magharibi nazo zilishtuka wakati ule ule. Mwezi Julai 1971 mwandishi wa gazeti wa Marekani, James Reston, alikuwa Beijing akapatwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Alipasuliwa, na baada ya upasuaji, tumbo liliposumbua, alidungwa sindano za Kichina. Aliandika habari zake katika gazeti la New York Times, na watu wakaanza kusimulia kwamba alipasuliwa kwa sindano hizo tu bila ganzi. Si kweli. Ganzi alipewa, ya kawaida. Habari ikipita midomo mitatu hubadilika. Ndiyo sababu tunasisitiza kusoma karatasi yenyewe.

Na waganga wetu je? Chini ya Wajerumani, mganga alitazamwa kwa hofu, hasa baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, kwa sababu ya dawa ya Kinjikitile. Mwaka 1928 Waingereza walitunga Sheria ya Uchawi. Sheria ile ilikusudiwa kuwazuia wachawi na wanaowatafuta, lakini mbele ya ofisa mgeni, nani angejua mkandaji ni yupi, mkunga ni yupi, na mpiga ramli ni yupi? Wengi walifanya kazi zao kimya, na maarifa yanayofanywa kimya hayaandikwi. Baada ya uhuru mambo yaligeuka taratibu. Mwaka 1974 kiliundwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili, nacho mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kwa sheria hiyo likawapo Baraza la kuwaandikisha waganga. Kwa hiyo ukienda kwa mganga una haki ya kuuliza: "Mzee, cheti chako kiko wapi?" Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Sasa tumekuja mahali pagumu. Je, njia hizi za nguvu zipo kweli?

Ukipasua mwili wa binadamu utaona njia za damu. William Harvey, daktari wa Uingereza, alionyesha mwaka 1628 kwamba moyo husukuma damu izunguke. Utaona pia mishipa ya fahamu, myeupe kama kamba. Mkubwa kuliko yote hutoka kiunoni, hupita nyuma ya paja, ukashuka mpaka unyayo. Kumbukeni yule mama wa Bunda! Njia ya maumivu yake ndiyo njia ya mshipa huo, na inakaribiana sana na mstari mmoja wa Wachina. Hapo gumba la mkandaji halikukosea. Lakini zile njia nyingine, zenye upepo au nguvu ndani yake, hakuna mpasuaji aliyeziona. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa Korea Kaskazini, Kim Bong-han, alitangaza kwamba amezipata. Wengine walipojaribu hawakuweza kuthibitisha aliyoyadai.

Huenda utasema: "Zisionekane, lakini zinaponya." Hoja nzuri. Na hoja kama hiyo hupimwa kwa kuhesabu. Huko Ujerumani watafiti walichukua wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu wakawagawa makundi matatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kundi la kwanza lilidungwa sindano kwenye vitone vya Kichina sawasawa na ramani. Kundi la pili lilidungwa juu juu tu, tena mahali ambapo ramani haionyeshi kitu, nao hawakujua. Kundi la tatu lilipewa tiba ya kawaida ya vidonge na mazoezi. Baada ya miezi sita, katika kila watu 100 wa kundi la kwanza, karibu 48 walikuwa na nafuu. Katika kundi la tatu, 27 tu. Na kundi la pili, lile la sindano za kujifanya? 44.

Mwalimu wa darasa aandike tarakimu hizo tatu ubaoni: 48, 44, 27. Zitazameni pamoja. Zinasema mambo mawili kwa mara moja. Wale waliodungwa, kwa vyovyote vile, walipata nafuu kuliko wale wa vidonge na mazoezi, kwa hiyo anayesema tiba hii ni bure hasemi kweli. Lakini kufuata ramani kuliongeza kidogo sana. Pengine kinachosaidia ni ule mdungo wenyewe, na mkono wa mtu anayekushughulikia, na kulala kwa utulivu, na matumaini. Hayo si mambo madogo kwa mtu mwenye maumivu. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 juu ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu, limetaja kukanda miongoni mwa tiba zinazoweza kutumiwa.

Mfano mwingine utawagusa zaidi, maana ni wa malaria. Mwanamke mmoja wa China, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria katika vitabu vya zamani. Katika kitabu cha tabibu Ge Hong, kilichoandikwa yapata miaka 1,600 iliyopita, aliona shauri la kuloweka mmea mmoja wa jamii ya pakanga katika maji na kukamua, bila kuchemsha. Akafikiri: labda moto unaharibu dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliitoa dawa ile bila joto kali, akaipima, akaigawanya mpaka akapata kitu chenyewe. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa ya mseto mnayopewa katika zahanati zetu, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kwa malaria mwishoni mwa mwaka 2006, ina nguvu yake kutokana na mmea huo. Lakini angalieni sana: Tu Youyou hakuishia kusoma, alipima. Mtu asiende kuchemsha pakanga ya uani akampa mtoto mwenye homa. Kipimo hakijulikani, mmea wenyewe si ule ule, na malaria ya mtoto haingoji.

Kwa sababu hiyo nami nitasema wazi, maana najua nani wananisikiliza. Mgongo uliochoka kwa kazi, shingo iliyokaza, mguu uliolala: mpelekee mkandaji, hakuna ubaya. Lakini mfupa uliovunjika usikandwe. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu kwenye shavu lake, usikandwe hata kidogo, maana huenda damu imeganda ndani, na ikisukumwa yaweza kwenda mapafuni ikaua. Tumbo la mama mjamzito lisibonyezwe ili "kumgeuza mtoto" nyumbani, aende kliniki. Mtu mwenye maumivu ya kifua yanayoshuka mkono wa kushoto asitafutiwe mshipa. Apelekwe hospitali saa ile ile. Mgongo unaouma pamoja na homa, au kukonda, au miguu kufa ganzi na kushindwa kuzuia mkojo, huo nao ni wa daktari. Na kiwembe cha chale au sindano ya mtu yeyote isitumiwe kwa watu wawili. Ugonjwa wa UKIMWI, ulioonekana kwa mara ya kwanza nchini mwetu mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu, ulitufundisha hilo kwa machozi.

Mwaka 1973, katika mafunzo ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya, watu wapata milioni mbili wa nchi hii walikaa katika vikundi kama chenu, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka majani. Hawakuambiwa wakariri. Waliambiwa wafanye jambo.

Basi kazi ya juma hili ni hii. Kila kikundi kichague mtu mmoja wa kijijini au mtaani anayejua kukanda. Nendeni kwake watu wawili, kwa heshima, msiende na haraka, na mwombeni ruhusa kabla ya kutoa kalamu. Mwulizeni alifundishwa na nani. Mwulizeni kidole chake huanzia wapi na huishia wapi, kwa mgongo, kwa bega, kwa mguu. Mwulizeni ni mgonjwa gani humrudisha bila kumgusa, maana mkandaji mwema anao wagonjwa wa namna hiyo. Chora mwili wa mtu kwenye karatasi, tia mistari kama anavyoonyesha, na uandike kila neno analotumia, kwa Kijita, kwa Kizanaki, kwa Kiikizu au kwa Kikurya, kisha ndipo uweke Kiswahili chake chini. Asiyeweza kuandika sentensi nzima na achore. Wekeni tarehe. Jina la mzee huyo, kama akiridhia, liandikwe juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa.